Kumfungua ng'ombe bila kisu: kufundisha anatomia ya mifugo kwa miwani ya VR huku Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu nimewaandikia wakufunzi wa vyuo vya mifugo, walimu wa baiolojia na maafisa ugani wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na jirani zake ambao wamepata miwani ya uhalisia pepe, au wanakaribia kuipata, na hawajui waanzie wapi. Wengi huanzia dukani. Mimi nashauri uanzie kwenye shida yenyewe.

Na shida mnaijua. Mbuzi mmoja yuko mezani, wanafunzi arobaini wamemzunguka. Walio mbele wanaona utumbo, walio nyuma wanaona migongo ya wenzao. Ukishakata hurudi nyuma tena. Ukiinua ini kuwaonyesha mfuko wa nyongo, mpangilio uliokuwepo umeshavurugika, na aliyechelewa kutazama ndiyo basi. Ng'ombe mzima hata haongeleki, maana bei yake peke yake inameza bajeti ya mazoezi ya muhula. Vitabu navyo humchora mnyama kwa ubavu mmoja, bapa kama aliyepitiwa na roli.

Miwani inatibu kipande kimoja tu cha shida hiyo: mahali. Mwanafunzi anaingiza kichwa katikati ya mbavu, anaona nini kiko mbele ya nini, nini kimegusana na nini, na ni upande gani. Haimfundishi uzito wa ini, utelezi wa utumbo, harufu ya rumeni (tumbo la kwanza na kubwa la ng'ombe), wala jinsi tezi iliyovimba inavyoteleza chini ya vidole. Kwa hiyo anayemwambia mkuu wa chuo kwamba miwani itafuta safari za machinjioni anamuuzia mbuzi kwenye gunia. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuzingatia hilo: kwanza macho, halafu mkono, na yote mawili ndani ya wiki moja.

Hatua ya 1: Tafuta swali kwanza, mnyama baadaye

"Leo tunasoma ng'ombe" si somo. Mwanafunzi atavaa miwani, atashangaa, atazunguka, atavua, na kesho hatakuwa na cha kukumbuka zaidi ya mshangao wake. Mpe swali moja lenye jibu moja. Kwa nini ng'ombe aliyejaa gesi tunamtoboa ubavu wa kushoto na si wa kulia? Kwa nini msumari aliomeza unaishia kwenye moyo? Mhimilishaji (anayempandikiza ng'ombe mbegu kwa mrija) akiingiza mkono, shingo ya kizazi anaikuta wapi? Ndigana kali ikianza, kwa nini tezi ya chini ya sikio mara nyingi ndiyo inatangulia kuvimba? (Kupe anayeieneza hupenda kujibanza sikioni, na tezi hiyo ndiyo inayopokea maji ya mwili yanayotoka huko. Ukiiona kwenye modeli, yaani umbo la mnyama la kompyuta unalolitazama ndani ya miwani, hutahitaji kuikariri.)

Kipimo changu ni chepesi. Kama jibu lina maneno "mbele ya", "nyuma ya", "chini ya", "kushoto", "kulia", tumia miwani. Kama jibu linahusu vijidudu vya rumeni na asidi wanazotengeneza, rudi ubaoni, chaki inatosha.

Hatua ya 2: Vifaa

Kuna ngazi tatu, na ya chini si ya kudharauliwa.

Ya kwanza ni laptop na TV au projekta, bila miwani yoyote. Modeli ile ile ya pande tatu unaizungusha kwa mausi. Ukikosa fedha, bakia hapa, na utakuwa umepata sehemu kubwa ya faida.

Ya pili ni simu janja ndani ya boksi lenye lenzi mbili. Google walitoa muundo wa boksi la karatasi mwaka 2014, na ingawa waliacha kuliuza mwaka 2021, muundo wenyewe uko wazi. Fundi mwenye kisu kikali na katoni ngumu analikata kwa mchana mmoja. Lenzi zinazotakiwa ni za fokasi ya milimita 45. Simu iwe na jairoskopu, kihisi kinachojua simu imegeuzwa. Kuipima, fungua video ya nyuzi 360 kwenye YouTube kisha uzunguke nayo ukiwa umesimama: picha ikikufuata vizuri kila unapogeuka, ipo. Upungufu wa ngazi hii ni kwamba simu inajua umegeuza kichwa, ila haijui umesogea. Huwezi kuchuchumaa ukachungulia chini ya tumbo.

Ya tatu ni miwani inayojitegemea, kama Meta Quest, yenye kamera zinazofuata kichwa na mikono yako. Hapo ndipo unapochuchumaa, unapopiga hatua, unapoinama ndani ya kifua. Quest 3 ina uzito wa nusu kilo hivi na chaji yake hukaa kama saa mbili. Fedha ikiruhusu, nunua miwani mbili na TV moja kubwa kabla ya kuwaza miwani kumi. Bila TV, mwalimu haoni anachokiona mwanafunzi, na asichokiona hawezi kukisahihisha. Kurusha picha kutoka kwenye miwani kwenda kwenye TV au laptop kujaribiwe siku moja kabla, kwa mtandao wa chumba kile kile mtakachotumia. Wi-Fi ikigoma, ipo njia ya waya wa USB kwenda kwenye laptop.

Ukinunua mtumba, mwombe muuzaji aifute yote mbele yako irudi kama ilivyotoka kiwandani, kisha uingie kwa akaunti yako kabla hujatoa hela. Tazama skrini kupitia lenzi ukitafuta doa lisilohama. Lenzi hizi hukusanya mwanga wa jua na kuunguza skrini, kwa hiyo miwani iliyowahi kuachwa dirishani huwa na kovu. Yako pia usiianike, wala usiiache juu ya dashibodi ya gari mkienda vijijini.

Jambo la mwisho kwenye vifaa linapuuzwa sana: umbali kati ya lenzi. Macho ya watu hayalingani nafasi. Quest 2 ina vituo vitatu, milimita 58, 63 na 68. Quest 3 ina gurudumu dogo la kuzungusha. Mwanafunzi akisema "naona ukungu", mara nyingi hapo ndipo penye tatizo, wala si macho yake. Ukungu wa kweli nao upo: Makete na Njombe, asubuhi za Juni na Julai, pumzi hutanda kwenye lenzi baridi. Weka miwani kwenye chumba chenye joto kabla ya kipindi.

Modeli zote zipakue mapema, usiku ikiwezekana kwa bando la usiku, kisha zima intaneti ujaribu kuzifungua. Inayokataa bila mtandao usiipangie somo.

Hatua ya 3: Kagua modeli kama unavyokagua mnyama sokoni

Tovuti ya Sketchfab ina modeli nyingi za wanyama, baadhi za kupakua bure kwa leseni za Creative Commons, zinazokuruhusu kutumia kazi ya mtu kwa masharti yake. Soma leseni, taja mwenye kazi. MorphoSource, hazina iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, ina skani za mifupa halisi, nyingi za wanyamapori, na inawafaa sana wanaofundisha uhifadhi upande wa Ruaha. Programu za kulipia za anatomia ya wanyama zipo pia. Usilipe kabla ya kujaribu toleo la majaribio.

Tatizo ni kwamba modeli nyingi zimechorwa na wasanii wa michezo ya kompyuta. Kwa nje ng'ombe anapendeza, ndani ni balaa. Kabla ya kumwonyesha mwanafunzi, pitia haya wewe mwenyewe:

– Mbavu ni jozi 13. Ukihesabu 18, umeuziwa farasi.
– Rumeni iko kushoto na inajaza karibu upande wote ule, toka kwenye kiwambo (ukuta wa msuli kati ya kifua na tumbo) hadi nyonga. Ikiwa kulia, faili limegeuzwa kama kwenye kioo.
– Figo ya kushoto imesukumwa na rumeni hadi imevuka uti wa mgongo kwenda kulia. Modeli yenye figo mbili zilizokaa sawa kwa sawa imenakiliwa kwa binadamu. Tena figo ya ng'ombe imegawanyika vipande vipande. Ya mbuzi ni laini.
– Taya ya juu haina meno ya mbele.
– Mfuko wa nyongo upo. Farasi hana.
– Pafu la kulia ni kubwa kuliko la kushoto, na sehemu yake ya mbele ina mrija wake unaochomoka kwenye koromeo la hewa kabla halijagawanyika.

Modeli ikianguka kwenye rumeni au figo, iache hata kama rangi zake zinavutia. Ikikosea idadi ya pingili za mkia, samehe.

Nyingi zimejengwa kwa ng'ombe wa maziwa wa Ulaya. Zebu wetu ana nundu na ngozi ndefu inayoning'inia shingoni, lakini viungo vya ndani vimekaa pale pale. Liseme mara moja usonge mbele. Lebo za maandishi zifute, weka namba tupu, na orodha ya majina iwe kwenye karatasi. Hivyo modeli moja inafundishia leo na kutahinia wiki ijayo.

Hatua ya 4: Tengeneza mifupa yako

Hii ni hatua ninayoipenda kuliko zote, maana haidai miwani ya gharama, na mwisho wake chuo kinabaki na mali yake. Fuvu, bega, nyonga na mguu wa mbele wa ng'ombe wa kwetu unaweza kuzigeuza modeli za pande tatu kwa simu ya kawaida.

Mifupa itoke machinjioni, kwa mnyama aliyepita mikononi mwa mkaguzi wa nyama. Usiokote mzoga. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu isiyoganda puani, mdomoni au njia ya haja, huenda ana kimeta. Hafunguliwi, hachunwi, anaripotiwa kwa afisa mifugo. Vijusi vilivyotupwa navyo, ambavyo walimu wengine hupenda kuvihifadhi kwenye chupa, vinaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba unaompata na binadamu. Achana navyo.

Ondoa nyama kwa kisu, loweka mifupa kwenye pipa la maji lenye kifuniko, badilisha maji kila yanapozidi kunuka. Vijidudu ndivyo vinavyofanya kazi, navyo hupenda joto: kinachochukua wiki chache huko Usangu, Njombe kitakawia zaidi. Usitumie jiki, inakula mfupa taratibu hadi unakuwa kama chokaa. Maji ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, yale ya duka la dawa, yanatosha kung'arisha. Kausha kivulini.

Picha zinahitaji mwanga mtulivu, na hapa mawingu ya Mbeya yanakuwa rafiki. Asubuhi yenye mawingu, nje, ni bora kuliko studio. Weka fuvu juu ya kigoda kilichotandikwa gazeti, kwa kuwa maandishi ya gazeti yanaisaidia programu kuunganisha picha, na pembeni weka rula ili baadaye ujue vipimo. Funga fokasi na mwanga wa simu visibadilike, flashi izimwe, usivute picha karibu. Halafu zunguka wewe, fuvu libaki palepale: mzunguko mmoja chini, mmoja usawa wa fuvu, mmoja kutoka juu, picha moja kila hatua ndogo, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, angalau theluthi mbili. Picha 80 hadi 100 zinafaa. Pindua fuvu, rudia. Meno yanayong'aa yapake vumbi la chaki kidogo, kwa sababu programu huchanganyikiwa na mng'ao.

Kuziunganisha, Meshroom ni ya bure lakini inataka kompyuta yenye kadi ya picha ya NVIDIA. Wasio nayo watumie programu za simu kama RealityScan, zinazofanya kazi hiyo kwenye seva za mbali. Gharama yako inakuwa bando. Modeli ikitoka huwa nzito kupita kiasi. Ifungue kwenye Blender, programu ya kuhariri modeli, ipunguze hadi vipande vya uso (poligoni) laki moja hivi, ihifadhi kama faili la GLB. Miwani itaifungua bila kukwama.

Hatua ya 5: Chumba na watu

Piga hesabu kabla. Wanafunzi 40, miwani 2, dakika 6 kila mmoja: ni saa mbili kamili, na chaji inaisha hapo hapo. Kwa hiyo ligawe darasa vikundi vya watano watano. Mmoja amevaa, mmoja ni mlinzi, mmoja anasoma maswali, wawili wanachora wanachokiona kwenye TV. Wanaozubaa nyuma wakikosa kazi, watageuza somo kuwa sinema.

Eneo la mita mbili kwa mbili libaki tupu, bila meza wala waya. Mlinzi anasimama karibu na kazi yake ni kusema, "Kuna ukuta kushoto." Asimguse aliyevaa bila kumwambia kwanza, mtu ambaye haoni chumba hushtuka. Wasichana walindwe na wasichana wenzao, na kila mmoja avae mwenyewe: hijabu na misuko vinahitaji mkanda wa juu ulegezwe, na si kazi ya mwalimu kuushika.

Kichefuchefu kinatokana na macho kuambiwa unatembea huku sikio la ndani likiambiwa umesimama. Ndiyo maana ni mwiko kwenye darasa langu kujisogeza kwa kutumia kitufe cha rimoti. Anayetaka kwenda upande wa pili wa ng'ombe atembee kwa miguu. Wageni waanze wameketi. Ukiona mtu anapiga miayo, anatoka jasho jembamba au anameza mate mara kwa mara, mvulishe hata kama anasema yuko sawa, na asiendeshe pikipiki hadi atulie kabisa. Mwenye kifafa aulizwe faragha, kabla, na atumie TV. Kwa watoto wa msingi pia TV inatosha. Meta wenyewe wameweka umri wa chini kuwa miaka 10.

Wote tunakumbuka macho mekundu yalivyotembea nchini mwanzoni mwa 2024. Mwenye jicho jekundu havai, hata akibembeleza. Sponji inayogusa uso ipanguswe kila baada ya mtu mmoja kwa kitambaa chenye dawa isiyo na alkoholi. Lenzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu laini, bila dawa yoyote.

Hatua ya 6: Somo lenyewe, mfano wa msumari

Nimechagua somo hili kwa sababu linatuhusu. Rungwe ng'ombe wa maziwa wanalishwa ndani, majani yanakatwa kandokando ya barabara na viwanja vya ujenzi, na vipande vya waya wa kufungia nondo vinaingia horini bila mtu kuona. Wale wanaozurura mjini huokota waya wa matairi yaliyochomwa.

Anza na msumari wa kweli na kipande cha waya mezani. Vipitishe mikononi mwa wanafunzi, uandike swali ubaoni: huu utaishia wapi? Wengi watajibu "tumboni, halafu utatoka na kinyesi." Usiwakosoe. Waache wavae.

Modeli iwe ya ukubwa halisi. Programu nyingi huifungua ndogo, inayotosha mezani, na mwanafunzi anaizungusha kama kikaragosi. Ng'ombe awe mrefu kama ng'ombe. Ondoa ngozi na misuli, bakiza mbavu. Mwanafunzi asimame upande wa kushoto wa mnyama na ahesabu mbavu kutoka nyuma kwa sauti: kumi na tatu, kumi na mbili, hadi ya sita. Hapo apaweke kidole. Kisha arudi mdomoni na kufuata umio kwa kichwa chake mwenyewe: unashuka shingoni, unaingia kifuani, unapita kati ya mapafu juu ya moyo, unatoboa kiwambo, unafunguka.

Unafunguka wapi? Asimame hapo hapo atazame. Mdomo wa umio uko mpakani mwa rumeni na retikulamu. Rumeni ni pango la zaidi ya lita 100. Retikulamu ni mfuko mdogo ulio mbele yake na chini. Kitu kizito hakielei na majani, kinadondoka kwenye retikulamu, na kuta zake zenye vyumba vyumba kama sega la nyuki zinakishika.

Sasa mwambie achuchumae, aingie chini ya kifua, atazame juu na mbele. Hii ndiyo sekunde iliyoifanya miwani ilipiwe. Retikulamu, kiwambo chembamba, moyo: vitatu vimepangana mstari mmoja, na nafasi iliyopo kati yake haitoshi ngumi. Mara nyingi utasikia, "Mwalimu, mbona karibu hivi?" Usijibu. Muulize: retikulamu inajiminya mara kwa mara usiku na mchana, kila ikijiminya, ncha ya msumari inaelekea wapi? Na ukikosea njia ukaenda kulia utakutana na nini? Ini. Kushoto? Bandama. Ataviona mwenyewe.

Akishavua, dalili zinajieleza zenyewe na huna haja ya kuzikaririsha. Viwiko vimetanuka nje kwa sababu kifua kinauma. Mgongo umepinda. Maziwa yamekatika ghafla. Na kwenye milima ya Tukuyu, ng'ombe anakataa kuteremka mteremko aliouzoea, au anashuka huku akiguna, kwa kuwa matumbo yote yanasogea mbele kuusukuma msumari. Ugonjwa ukifika kwenye mfuko wa moyo, mshipa mkubwa wa shingo unatuna na kidari kinavimba maji. Hapo pia wataelewa kwa nini sumaku anayomezeshwa ng'ombe ikiwa bado mapema inakaa mahali pale pale msumari ulipo: imedondoka kwa njia ile ile.

Hatua ya 7: Machinjioni, kisha zizini

Fanya wiki ile ile, kabla picha haijafutika. Omba ruhusa kwa mkaguzi wa nyama na msimamizi, fikeni kabla ya kupambazuka, buti na makoti kamili, vijana watano au sita tu kwa zamu. Wachinjaji wana wateja wanaosubiri, kwa hiyo shikamoo kwanza, maswali baadaye, na lipieni mnachokishika. Nunua retikulamu na kipande cha kiwambo. Wanafunzi waguse sega, waone lilivyo tofauti na taulo la rumeni na kurasa za kitabu za omasamu, tumbo la tatu, wakamulie maji waone taka zinavyobaki kwenye vyumba. Pima kwa vidole unene wa kiwambo. Kwenye miwani kilikuwa rangi tu.

Zizini ni kwa mfugaji aliyekubali. Iringa salimia kwa Kihehe, "Kamwene", na mwenye ng'ombe atakupa muda zaidi. Mwanafunzi aweke ngumi kwenye shimo la ubavu wa kushoto, nyuma ya ubavu wa mwisho, ahesabu rumeni inavyojiminya; kwa mnyama mzima ni kama mara tatu kwa dakika mbili. Moyo ausikilize nyuma ya kiwiko cha kushoto. Tezi ya mbele ya bega aitafute kwa vidole, pande zote mbili. Hayo matatu yanatosha kwa siku moja, ng'ombe naye anachoka.

Masomo mengine mawili yanayolipa

Uhimilishaji ni la kwanza. Mkono uko ndani ya njia ya haja kubwa, macho hayaoni chochote, na mwanafunzi anaambiwa "shika shingo ya kizazi" ambayo hajawahi kuiona ikiwa mahali pake. Kwenye miwani aione imelala juu ya sakafu ya nyonga, ngumu, yenye pete ndani. Aone mrija unavyopita pete moja baada ya nyingine, na mbegu zinavyoachwa mara tu baada ya pete ya mwisho, kwenye mwili wa kizazi. Halafu afumbe macho ndani ya miwani aonyeshe kwa mkono. Nyongeza hii ndogo inasaidia kuliko maelezo yangu yote.

La pili ni kuku. Mifuko yake ya hewa, ambayo kwa kawaida huhesabiwa 9, ni myembamba mno. Ukimpasua tu, inanywea na hakuna mwanafunzi anayeiona. Hapa modeli inamshinda kuku halisi, na nakiri ni sehemu chache zilivyo hivyo.

Hatua ya 8: Mtihani wa chaki

Usitahini kwa miwani. Leta ng'ombe mpole aliyefungwa vizuri, mpe mwanafunzi chaki, mwambie achore juu ya ngozi: mpaka wa nyuma wa mapafu, mahali pa moyo, retikulamu ilipo, shimo la kutobolea gesi, tezi ya bega. Upande wa kushoto dakika tano, wa kulia dakika tano. Ng'ombe mweusi anafaa zaidi kwa chaki nyeupe. Kwa mweupe tafuta chaki ya bluu.

Kosa la kwanza utakaloliona ni kuchora moyo nyuma mno, kwa sababu kwenye modeli mguu wa mbele ulikuwa umefichwa. Wiki inayofuata urudishe mguu huo kwenye modeli, wavae tena dakika tatu tatu, kisha wachore upya. Kosa la pili ni kushoto na kulia kugeuzwa na anayechora akiwa amesimama mbele ya mnyama. Huyo mhamishie nyuma ya mkia, aanze tena. Alama toa nusu kwa mahali na nusu kwa sababu: aliyeweka alama sahihi bila kueleza kuna nini chini yake arudi kwenye foleni.